Herufi Kubwa Haisikiki

Usiku ule nilikuwa nimemaliza albamu ya tatu kati ya saba za msanii mmoja wa hiphop wa hapa kwetu Morogoro. Nilizisikiliza kwa mpangilio, katika mafaili yasiyobanwa, yanayobeba sauti yote iliyorekodiwa, daftari likiwa pembeni. Nilikuwa na ubishi mmoja wa kumaliza. Katika wimbo wa tano msanii anasema, "Kwa sudi nimefika." Rafiki yangu Sudi, aliyefariki mwaka juzi, alidai miaka yote kwamba ametajwa yeye, kwa sababu siku ya kurekodi alikuwepo studio. Mimi nilishikilia kuwa sudi ni bahati tu. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu, na kifo chake hakikuuondoa.

Nikapitiwa na usingizi, vipokea sauti vikiwa masikioni. Nikajikuta katika chumba changu cha zamani, mchana, nasafisha kichwa cha redio kaseti, kile kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti. Sudi kasimama mlangoni na shati lake la drafti. Ananihimiza twende studio, tunachelewa. Namjibu kama nilivyomjibu siku yenyewe ya kurekodi: atangulie, nimalize kwanza. Mara mlango ni wa studio, umefungwa, nami niko nje na pamba mkononi. Ndani wanacheka. Kicheko cha Sudi ndicho kirefu kuliko vyote.

Namuuliza kupitia mlango kama alitajwa au hakutajwa.

"Herufi kubwa haisikiki, Rajabu bwana," anasema. "Hata usafishe vipi."

Namwambia amekufa na bado anaringa. Anacheka tena, kisha sauti yake inashuka.

"Wewe kila siku unaanzia kwenye maneno. Anzia kabla ya mdundo."

Nikaamka, sikio likiuma. Nikarudisha wimbo wa tano mwanzo kabisa, mahali ambapo kwenye kaseti tuliyoisikiliza zamani palikuwa na mchakacho mtupu. Kiti kinaburutwa. Mtu anakohoa. Halafu, mbali na maiki, sauti ya Sudi:

"Tumngojee Rajabu kidogo."

Kimya kifupi. Mdundo ukaingia.

Nikafungua daftari. Kwenye mstari wa wimbo wa tano nilikuwa nimeandika "bahati". Nikaikata, nikaandika Sudi, kwa herufi kubwa.