Majani ya Mara ya Tatu

Su-huei alikuwa mwizi, tena mwizi wa kila siku, na alichoiba ni majani ya chai yaliyokwisha kutumika.

Saluni yake ilikuwa Lugu, mji mdogo wa milimani, kando ya barabara ya kupanda kwenye mashamba ya chai. Ghorofa ya juu yake alikaa baba mkwe wake, mzee Chuang. Kila asubuhi mzee aliwamiminia wageni chai mara tatu kwa majani yaleyale, kisha akalisukuma buli kwa Su-huei akalioshe. Jikoni Su-huei hakutupa hata jani. Aliyatia kwenye kibati cha chakula, akashuka nayo saluni, akawa anayaongezea maji ya moto kutwa nzima kwenye gilasi lake kubwa.

Hivyo ndivyo alivyojifunza chai, kwa kuanzia mkiani. Chai ya Pinglin, yenye majani marefu, ilimkimbia mapema pamoja na harufu yake ya maua. Ile ya Beipu, ambayo majani yake hutafunwa na wadudu shambani, ilibaki na utamu wa asali hata akiwa kwa mteja wa tatu. Ile ya Lishan, huko kwenye mawingu, ilikuwa laini mpaka mwisho. Na Dong Ding ya hapohapo kwao, iliyookwa, ilikuwa king'ang'anizi: saa tisa alasiri bado ilinukia karanga za kukaanga.

Hakuna aliyejua, maana mezani Su-huei alihesabiwa mshamba wa chai. Mwaka alioolewa alipewa kile kikombe kirefu cha kunusia harufu tu, naye akakinywea. Shemeji yake Kuo-liang, mdogo wa mumewe, alikisimulia kisa hicho kila mwaka mpya, na kila mwaka kiliongezewa chumvi.

Mwaka huu mikono ya mzee ilianza kutetemeka. Alipommwagia mgeni chai mapajani, alitangaza kwamba kiti cha kumimina kitapata mtu mwingine, pamoja na buli la udongo la marehemu mkewe. Mume wa Su-huei alijitoa siku ileile, kwani chai humwendesha moyo mbio. Kuo-liang alikwishaanza kukipima kiti kwa makalio. Su-huei naye alikitaka kiti hicho mpaka kikamkosesha usingizi. Miaka ishirini ameketi pembeni akipitisha karanga. Alitaka walau mara moja yeye ndiye amimine na wao wapokee.

Jumapili asubuhi mzee aliwaketisha wawili hao, wakaligeuzia jiko migongo. Akaleta vikombe vinne.

"Niambieni mnakunywa nini," alisema.

Kuo-liang alivuta chai kwa mlio wa bomba lililoziba. "Cha kwanza, Pinglin. Kiepesi, kina adabu. Cha pili Lishan, nasikia ukungu. Cha tatu ni Dong Ding yetu. Hiki cha nne…" Akakunja pua. "Chai ya Alishan, lakini baba, wamekuuzia takataka."

"Na wewe, Su-huei?"

Su-huei alionja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha nne alikaribia kucheka. Ladha hii ilikuwa rafiki yake wa saluni.

"Baba, zote ni Dong Ding. Buli moja. Hiki cha kwanza ni maji ya kwanza. Hiki cha nne kimefika maji ya nane, au ya tisa."

Kuo-liang alijipiga paja. "Shemeji, leo umenywea kikombe cha kunusia tena? Hapa siku hizi baba anamimina mara tatu, basi. Hayo maji ya tisa umeyaonja wapi wewe?"

Hapo Su-huei alinaswa. Akinyamaza, kiti kinakwenda. Akisema, ni mwizi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini kiti alikitaka zaidi.

"Saluni," alisema. "Majani nayaiba, baba. Siyatupi. Miaka sita sasa."

Kuo-liang alifungua kinywa, mzee akamkatiza.

"Kila mwezi ananinyoa pale kwake. Unadhani sina pua? Gilasi limekaa mbele ya kioo, linaninukia chai yangu mwenyewe." Akamgeukia Su-huei. "Zamani nilikuwa namimina mara nane. Mama yenu alikuwa akinisema, kwamba wageni wananyweshwa maji ya kuoshea buli. Miaka sita naishia ya tatu, mengine nakuachia wewe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini."

Su-huei alifurahi na kuumia kwa pamoja, akafuta macho kwa taulo la saluni lililokuwa begani.

"Haya, inuka," mzee alisema, akihamia pembeni penye karanga. "Kaa pale utumiminie."

Alikaa. Maji ya kuamshia majani, yasiyonywewa, alimmwagia chura wa udongo aliyewekwa mezani kwa kazi hiyo, kama alivyoona miaka yote, kisha akamimina. Kuo-liang alichelewa, lakini mwishowe naye aligonga meza kwa vidole viwili, ishara ya shukrani. Wakafika ya tatu. Mkono wa Su-huei ukaenda wenyewe kulisukuma buli pembeni.

"Unalipeleka wapi?" mzee aliuliza. "Mimina."

Wakaenda mpaka ya nane. Siku hiyo saluni Su-huei alikunywa maji matupu.