Kabichi za Msiba wa Mtaa wa Juu

Chedza alihamia kijiji kile cha ukingoni mwa Kalahari na cherehani mbili, kwa sababu alisikia hakina fundi nguo. Kazi zilianza kumjia wiki ya kwanza. Watu hawakumjia. Yaani walikuja, wakapimwa, wakalipa, wakaaga kwa adabu zote, wakaenda zao. Miezi minane, hakuna mwanamke aliyeingia uani kwake kuketi tu. Alikwishamwambia kaka yake wa Francistown alete lori mwisho wa mwezi, ahame.

Si kwamba hakujaribu. Alipunguza bei, wakashuku kitambaa. Mzee jirani alipofariki, alipeleka magunia mawili ya unga. Wafiwa wakashukuru, wakaandika jina lake, basi.

Safari hii alifariki mama mmoja wa mtaa wa juu. Chedza akaona unga haujamletea kitu. Ijumaa, siku moja kabla ya maziko, akajifunga kilemba, akatupia shali mabegani, akaenda mikono mitupu na kuketi kwenye duara la wanawake waliokuwa wakikata kabichi.

Visu vikasimama. Mama Gabonthone, mkuu wa masufuria, akamtazama.

"Kisu chako kiko wapi?"

"Sikuleta, mama."

"Mtu anakuja msibani bila kisu. Labda alidhani kaalikwa kula." Akamsogezea kimoja, butu.

Chedza akakata.

"Hizo unamkatia nani, ng'ombe?" akauliza Boitshepo, aliyeketi kando yake. "Fundi mzima, nyembamba huwezi?"

"Mimi hukata kwa mkasi. Nipe mkasi uone."

Kicheko kikapita chinichini, cha kuzibwa na shali.

"Ule unga wako ulikuwa mzuri," Mama Gabonthone akasema. "Ila sisi tulisema, huyu anatulipa ili asije."

Chedza akaendelea kukata. Magunia mawili, na alichonunua ni ruhusa ya kubaki nyumbani.

Walipokuwa wakiosha mabeseni, Mama Gabonthone akamwita. "Jumamosi ijayo kuna harusi kwa kina Boitshepo. Wewe uko kwenye kabichi."

"Niweke kwenye nyama, mama."

"Nyama wanapika wanaume. Hata hilo hulijui?"

"Basi viazi."

"Viazi na kabichi. Umejiongezea mwenyewe."

Jioni akampigia kaka yake, lori asilete.

"Kwani biashara imepanda?"

"Iko vilevile," akasema. "Nimepata kazi ya bure."