Mashine Iliyovishwa Blanketi

Juzi lori letu la Makambako liliishiwa upepo gurudumu la nyuma kabla hatujatoka Njombe. Dereva akatupeleka nyumbani kwa bwana mmoja aliyenunua mashine ya kujazia upepo kwa Mzungu wa shamba la miti ya miwati. Tulikuta tangi la upepo limevishwa blanketi na kufungwa kamba, kama mgonjwa wa homa.

"Baridi ya huku inaiumiza," bwana akatueleza.

Dereva akainua pindo la blanketi. Valvu inayopumua tangi likijaa kupita kiasi ilikuwa imezibwa kwa kitambaa na kukazwa kwa waya.

"Bwana, mbona umeiziba?"

"Ilikuwa inapiga kelele ovyo."

"Na maji ya ndani unamwaga lini?"

"Maji gani? Hili ni tangi la upepo."

Dereva akafungua koki ya chini. Yakatoka maji mekundu ya kutu, yakalowesha viatu vya bwana. Bwana akatazama viatu, tangi hakulitazama.

"Hili litapasuka," dereva akasema.

"Mbona halijapasuka?"

Akampa dereva mpira wa kujazia, akawasha injini, akaenda zake nyuma ya nyumba. "Jaza tu," akaita kutoka huko, "hakuna hatari."

Dereva akazima injini, tukahangaika na pampu ya mkono.

Wasomaji wapole watasema bwana yule hajui, aelimishwe. Anajua sana. Kutoka kwenye mashine hadi nyuma ya nyumba pana kijia kilichokanyagwa mpaka majani hayaoti.