Siku wasichana wa Walikale walipokataa ushindi wa mezani

Wakuu wa jukwaa la soka, habari za Jumapili. Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu na kukishika kwa glavu zangu. Anayetaka kubisha ruksa, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Jana kwenye ule uzi wa mchujo wa timu za taifa za wanawake, kuna mdau aliandika kwamba kufuzu ni hesabu ya darasa la pili: mechi mbili, jumlisha magoli, basi.

Nilicheka peke yangu jikoni. Hesabu hiyo ilishanila mimi.

Kwa wageni: timu nyingi za taifa za wanawake Afrika hazifuzu kwa kucheza ligi. Mnapangwa wawili wawili. Mnacheza kwenu, mnacheza kwao, magoli yanajumlishwa, mmoja anabaki nyumbani na mwingine anasogea duru ya mbele. Asiyefika uwanjani anapigwa tatu bila mezani.

Sasa kwetu Kivu ya Kaskazini, miaka ile ya vita, waandaaji waliiga utaratibu huohuo kwa timu za wasichana wa vijijini. Sisi Masisi tukapangwa na Walikale. Mshindi anaenda Goma, na Goma watakuwepo watu wa kuchagua wachezaji wa timu ya taifa ya vijana, chini ya miaka ishirini.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na miezi mingi juu yake. Yaani ilikuwa Goma mwaka ule, au nisahau.

Nilikuwa golikipa. Nyumbani kwetu Bihambwe tunafuga ng'ombe na kuuza maziwa, na mtu aliyekua akiwazuia ndama wasitoke zizini haogopi mpira wa miguu. Kwenye penalti nilikuwa balaa. Sijisifu, ulizeni.

Mechi ya kwanza kwetu tulishinda tatu kwa moja. Lile moja alinifunga kapteni wao, Riziki, msichana mrefu mwenye sauti ya kwaya. Baada ya filimbi alikuja kunishika mkono, akasema, "Dada, tutaonana kwetu. Ukuje na nguvu."

Nikampenda hapohapo, japo alikuwa amenifunga.

Wiki mbili baadaye tukapanda Fuso ya Papa Kambale kwenda Walikale. Papa Kambale ni mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na duka pale Masisi-centre, ndiye tuliyemfanya mkuu wa msafara kwa sababu ana gari na anajua kusoma Kifaransa cha ofisini. Alisali rozari kila daraja, na katikati ya madaraja alitusomea kanuni za mashindano, mwenyewe akiziita règlement. Karatasi moja ya fotokopi, ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki kama cheti cha ubatizo.

"Musikilize, banatoto. Ukichelewa dakika makumi tatu, ni forfait. Tatu kwa zero. Na kama magoli inafanana, tunaenda ku penalti."

Alipotaja penalti wenzangu wote walinigeukia mimi. Nilijisikia raha sana.

Basi, tumefika katikati ya msitu, kizuizi. Wanajeshi wanasema mbele kumesikika risasi, hakuna gari kupita. Papa Kambale anaeleza kwamba sisi ni timu ya mpira. Mkubwa wao anatuangalia kuanzia miguuni.

"Timu? Aba bamama? Onyesha basi."

Kapteni wetu akashuka na mpira. Akaupiga danadana pale barabarani, kwenye matope, mara hamsini na ushee. Wanajeshi wakawa wanahesabu kwa sauti, mmoja ameweka bunduki chini ili apige makofi vizuri.

Walitupenda. Lakini barabara haikufunguliwa.

Siku ya mechi ilitukuta palepale. Saa tisa ikafika, saa tisa na nusu ikapita, na Papa Kambale akavua kofia kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Nililia, wakuu. Sikulia kwa sababu ya vita, vita tulishaizoea. Nililia kwa sababu nilishinda tatu kwa moja na sasa nimefungwa nikiwa nimekaa kwenye gunia.

Kesho yake asubuhi wakaruhusu watembea kwa miguu tu. Wengine walitaka turudi Masisi. Papa Kambale akasema hapana, lazima tufike, tuombe radhi kama watu wenye adabu. Akamwachia dereva Fuso, akatembea na sisi na viatu vyake vya misa.

Tulitembea kutoka asubuhi mpaka jua la alasiri. Tulifika tumepakwa matope mpaka kwenye nyusi.

Uwanjani tukawakuta wasichana wa Walikale wamekaa kwenye majani, jezi mwilini, wanakula muhogo. Refa, mwalimu wa pale, yuko na fomu ya mechi mkononi na hasira usoni.

Kumbe tangu jana Riziki amekataa kutia sahihi. Bila sahihi ya kapteni fomu haiendi popote. Refa amembembeleza, kocha wao Mama Noella amemgombeza, watu wa mjini wamemwita mjinga. Mbele yetu Papa Kambale mwenyewe akamwambia, mwanangu, kanuni iko upande wenu.

Riziki akajibu, "Papa, nifike Goma nisemeye nini? Kama nilimushinda nani? Ni barabara njo iliwashinda, hapana siye."

Nawaambia ukweli. Hata yeye alikuwa anaitaka Goma. Alikuwa na miaka kumi na tisa kama mimi.

Wakatupeleka tukaoge, wakatupa wali na samaki, tukalala. Siku iliyofuata, mchana, mechi ikapigwa.

Watu walijaa. Kulikuwa kumetulia siku ile, na nadhani kila mwenye miguu Walikale alikuja.

Riziki akanifunga kipindi cha kwanza kwa kichwa. Kipindi cha pili akanifunga tena, shuti la chini, nimeligusa na kidole likaingia hivyohivyo. Mbili bila. Jumla tatu kwa tatu.

Zimebaki kama dakika kumi. Nikamtupia jicho Papa Kambale pembeni. Akaninyooshea vidole akinielekeza: penalti! Penalti!

Hapo nikatulia kabisa. Penalti ni shamba langu.

Nikaanza kuchelewesha. Mpira ukija naulalia kama mtoto mgonjwa. Nafunga kamba za kiatu. Nafungua, nafunga tena. Naomba maji. Mabeki wetu wakaelewa, wakawa wanapiga mpira vichakani. Kuna wakati fowadi wetu alibaki peke yake na goli lao, akageuka akarudisha mpira kwangu! Nami nikampigia makofi.

Kitu kilichonishangaza kidogo ni kwamba Walikale hawakulalamika. Riziki mwenyewe alikwenda kuuchukua mpira vichakani, akarudi nao anatembea kama bibi harusi, akanikabidhi na tabasamu. Nikasema moyoni, huyu dada ana roho nzuri kupita kiasi.

Filimbi.

Mimi mbio mpaka kwenye mstari wa goli, nasugua glavu, naruka ruka, niko tayari. Nageuka kumtafuta mpigaji wa kwanza.

Walikale wote wanacheza ngoma katikati ya uwanja.

Papa Kambale akaingia uwanjani anapunga karatasi yake. "Penalti iko wapi? Article inasema penalti!" Mama Noella akaichukua taratibu ile fotokopi, akaitoa kwenye mfuko wa plastiki, akaigeuza.

Ilikuwa na maandishi nyuma.

Nyuma pale imeandikwa kwamba magoli yakilingana, kwanza linahesabiwa goli la ugenini. Wao walikuwa na moja Masisi. Sisi Walikale hatukuwa na kitu. Penalti ni pale ambapo hata hayo yamelingana.

Yaani dakika kumi zote tulizokuwa tunalinda, tulikuwa tumeshatolewa. Goli moja tu lingetupeleka Goma, na fowadi wetu aliligeuzia mgongo, na mimi nikampigia makofi.

Papa Kambale alikaa chini palepale kwenye duara la kati. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Riziki, nikamshika jezi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akaniangalia, machozi na kicheko vyote kwa pamoja. "Dada, nilikungoya siku mbili. Tena nikufundishe na règlement?"

Wakuu, nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilicheka mpaka nikakaa. Tukacheka wote, timu mbili, na Papa Kambale akaishia kucheka naye, ameshika kichwa.

Riziki alikwenda Goma. Alichaguliwa. Siku redio iliposoma majina ya kambi ya timu ya taifa ya vijana nilikuwa kwenye foleni ya kuuza maziwa kule Kingi, na jina lake lilipotajwa nikapiga kelele ndoo ikaanguka. Mama mmoja akaniuliza, "Iko ndugu yako?"

Nikamwambia, "Apana, Mama. Njo ule alinitoa ku mashindano."

Mimi Goma sikuitwa, umri ukanipita. Iliniuma na bado inaniuma kidogo, sitawadanganya. Lakini ningeumia zaidi kama ningetolewa na barabara.

Nilichojifunza: ukipewa kanuni, geuza karatasi. Mashindano mengine siku hizi wameliondoa goli la ugenini, mengine bado wanalo, kwa hiyo kabla hujabishana humu kuhusu nani amefuzu, soma pande zote mbili.

Sasa semeni kweli, kila mtu na nafsi yake. Fomu iko mbele yako, wapinzani wamekwama msituni, Goma inakusubiri, na umri unakwisha. Ungetia sahihi?

Mimi nimejiuliza miaka yote hii, na nadhani ningetia.