Msomaji wa Safu ya Tatu

Zélie Carpentier alikuwa mpiga pasi mtaani Belleville, Paris, na shule hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Kola za mashati ya mabwana zilimkomaza viganja. Lakini kila Jumapili mchana, mwaka wa pili wa Vita Kuu ya Kwanza, safu nzima ya tatu kwenye ukumbi wa sinema ilimtegemea yeye awasomee.

Filamu zenyewe zilikuwa bubu, za majambazi na wapelelezi, kila wiki kipande kimoja, nacho kikikatwa pale pale roho inapokuwa mkononi. Kuzitazama ilikuwa kazi. Picha zilitetemeka mpaka kichwa kikauma, viti vilikuwa vya mbao, maandishi ya maneno yao yalipita mbio kwenye kitambaa, na ukikosa Jumapili moja, inayofuata hujui nani kamuua nani. Zamani mumewe alimsomea asubuhi hadithi ya kipande cha siku hiyo, iliyochapwa gazetini, naye akaikariri. Mume alipoitwa vitani, Zélie hakumwambia mtu kwamba hana tena wa kumsomea. Alikaza macho tu. Akajifunza kumjua mwongo kwa anavyovua glavu, na mjane wa kweli kwa anavyokaa kitini. Wapo wasomi waliosoma mpaka wakapofuka; yule mama hakusoma, na aliona.

"Anasema nini huyo?" walimwuliza.

"Anasema, 'Funguo sina.' Mwongo mkubwa! Hebu tazameni mfuko wake wa koti."

Na kweli, funguo zilikuwa mfukoni.

Hofu yake ilikuwa moja tu: wakijua kwamba hata herufi moja haijui, atakaa wapi na aibu yake?

Jumatatu moja Mzee Fulgence, muuza makaa, ambaye ukumbini alikaa kiti cha pembeni yake, aliingia dobini alikopiga pasi Zélie, na bahasha mkononi. Mwanawe Aubin alikuwa vitani, na mwandiko wa juu ya bahasha haukuwa wa Aubin.

Nusura Zélie aunguze shati. Angeweza kubuni, kama kawaida yake. Akamtazama mzee, akashindwa.

"Mzee Fulgence, unisamehe. Mimi sijui kusoma."

"Nani asiyejua hilo, mama wee? Kila Jumapili unatusomea maandishi ambayo hata hayajatokea!"

"Na mkaninyamazia?"

"Si yako ni matamu kuliko yao! Sasa sikia. Kusoma najua. Sikuja unisomee, nimekuja nisiisome peke yangu."

Akachana bahasha. Zélie akaweka pasi chini, akamkazia macho: kidevu, mabega, kidole gumba kilivyotembea juu ya karatasi. Mwanzoni mzee hakupumua. Kisha mabega yakashuka, kidole kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena.

"Yu hai," Zélie akasema. "Kaumia, lakini yu hai."

"Ningoje basi, mwanamke!" mzee akafoka, machozi yakimchuruzika hadi kwenye masharubu. "Ndiyo kwanza nimefika kwenye mguu wake."