Mbwa wa Theluji Mingoyo

Nilikuwa mpishi kwa mnunuzi wa korosho pale Mingoyo aliporudi kutoka Dar es Salaam na mbwa aina ya haski. Alikuwa na manyoya mazito na macho ya samawati, na abiria waliosubiri magari ya Mtwara walivuka barabara kuja kumtazama. Tajiri alifurahi mno. Akanikabidhi mimi, nimlishe na kumwogesha.

Mimi ni Mwislamu. Shangazi aliyenilea alikuwa hapiti hata kwenye ua wenye mbwa. Nilipokwenda kumwona nilimweleza shangazi kwamba kila jioni naosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogeza pembeni sahani niliyompakulia.

Bwana mifugo alikuja kumchoma mbwa sindano ya kuzuia kichaa. Alimpapasa mgongo, akaguna. Akanieleza kuwa asili ya mbwa hawa ni Siberia, walifugwa kuvuta mizigo juu ya theluji, ndiyo maana manyoya yao yana tabaka mbili.

“Usikubali anyolewe,” aliniambia. “Manyoya hayohayo yanamkinga na jua. Mchane, mpe maji, alale kwenye sakafu ya baridi. Kukimbia, alfajiri tu.”

Nikafuata. Nikishaswali nilikimbia naye kwenye njia ya mikorosho, mwanamke mzima nimepandisha khanga. Mchana nilimlaza jikoni kwenye saruji. Habweki yule, hulia kwa sauti ndefu kama mtu mwenye malalamiko, nami nikajikuta namjibu. Sikuwa nimetarajia kumpenda.

Siku moja tajiri akakuta unyoya kwenye mchuzi. Akasema mbwa ni wa getini, si wa jikoni, na akaita kinyozi. Nilimweleza maneno ya bwana mifugo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, “Nimekuajiri upike au unifundishe?”

Nilimshika mbwa kichwa mashine ilipopita mgongoni. Alitulia kwa sababu aliyemshika ni mimi.

Akafungwa mnyororo getini, mahali ambapo kivuli huondoka saa tano. Kila nilipopata nafasi nilimpelekea maji. Siku ya nne walikuja wageni, nikaambiwa nisitoke jikoni mpaka pilau iive. Nilimsikia akilia. Baadaye nikasikia kimya. Nilikuwa nakata kitunguu, nikakimaliza. Nilipotoka alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, ngozi ya mgongo imebabuka, ndoo imepinduka kandoni.

Niliingia na sinia ya pilau wakati tajiri anawaeleza wageni. “Dini yake inamkataza mbwa,” alisema, akinionyesha kwa kidevu. “Kamnyima maji.”

Dini yangu, inayosema kumnywesha mnyama mwenye kiu ni thawabu. Wageni walinitazama, wakanawa, wakala. Nikarudi jikoni kuchukua kachumbari.

Nilimzika mwenyewe nyuma ya ghala, kwa jembe la kupalilia. Watu wa Mingoyo mpaka leo wanasimulia habari ya mpishi aliyemuua mbwa wa tajiri kwa kiu, na wanakosea kuhusu maji tu. Nilipika katika nyumba ile misimu miwili zaidi.