Michezo ya Bure Chini ya Meza

Miguu ya Lindinalva ilikuwa imevimba, na alishaamua kwamba leo angemwambia Genival ndiyo. Genival, muuza makava ya simu wa kibanda cha jirani, alikuwa anakitaka kibanda cha Lindinalva tangu sherehe za Kanivali, na sasa alitaka jibu kabla soko halijafungwa. Akikataa, Genival angehamia upande wa pili, na mwingine wa kumwachia asingempata.

Hakuwa na la kulilia. Maisha yake yote pale Recife, Brazili, alikuwa ameuza diski za mashine moja tu ya michezo ya video, ile ya zamani ambayo vijana sasa wanaicheka. Wanaokuja bado wanataka mchezo wa mpira, wenye wachezaji wa mwaka huu. Nunua tatu, ya nne bure. Na hiyo ya bure hutoka kwenye boksi chini ya meza, ilikotupwa michezo iliyokosa mnunuzi.

Mteja wake, Mzee Otacílio, alipofika na diski ya bure mkononi, Lindinalva alijiandaa kugombana.

"Linda, ulinipa kitu gani hiki?"

"Nilikupa bure, mzee. Ya bure hairudishwi."

"Nani anarudisha? Nataka nyingine kama hii."

Ulikuwa mchezo wa kuendesha treni. Hakuna adui, hakuna bao. Unafunga milango, unaondoka kwa wakati, unasimama kwenye alama. Mzee aliwahi kuendesha basi la mtaa wa Casa Amarela, mpaka ugonjwa wa moyo ulipomtoa kwenye usukani.

"Kila kituo nachelewa," alisema kwa raha. "Lakini abiria hao hawanitukanii mama."

Shida ni kwamba diski zote za boksi lile zilikuwa zimeandikwa "ya Kijapani" kwa mkono wa Lindinalva mwenyewe. Hakuweza kusoma majalada yake, na hakuona sababu ya kuhangaika. Ikabidi azijaribu moja moja, kwani sokoni hapo hakuna anayeondoka na diski ambayo hajaiona ikicheza. Akaipindua mashine juu chini, maana siku hizi haisomi vinginevyo.

Ya kwanza ilikuwa ya kuvua samaki ziwani. Mzee akaiweka pembeni yake. Ya pili, wewe ni mbu, unanyonya damu ya familia moja. Muuza chapati za tapioka, aliyewahi kulazwa kwa homa ya dengi, akauliza, "Yaani nilipie kuwa mbu? Ninaowafuga chumbani hawatoshi?" Watu wakacheka, wakabaki. Ya tatu ilikuwa ya kulipua fataki angani, na nesi mmoja aliyekuwa akipita akauliza bei. Lindinalva akataja mara mbili ya bei ya mchezo wa mpira, bila kupepesa macho. Nesi alilalamika kidogo, akalipa.

Genival akajipenyeza. "Dada Linda, watu wako wananizibia makava. Jibu langu liko wapi?"

Lindinalva akalitazama boksi. Hayakuwa mapenzi, yeye mwenyewe hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja. Ila aliona wazi kwamba miaka yote alikuwa amegawa bure kitu ambacho hakuna kibanda kingine kilichokuwa nacho, huku akijiua kwa mpira ambao kila mtu anao. Ulikuwa ujinga, na ulimchosha zaidi, kwa sababu sasa asingeweza kuondoka.

"Chukua mbele," akasema. "Meza yote. Niachie rafu ya nyuma, kiti na soketi. Umeme unalipa wewe."

"Umeme tena? Mashine yenyewe imelala chali kama mgonjwa."

"Mgonjwa hali chakula kingi."

Genival akabisha, akahesabu makava yake kwa macho, akabisha tena, mwisho akakubali na kwenda zake akinung'unika.

Lindinalva akashusha pumzi. Jumatatu alikuwa amepanga kulala mpaka achoke kulala. Sasa ingebidi awahi kuja, alipitie boksi zima, aandike kilichomo katika kila diski.

Mzee Otacílio akauliza kama humo ndani kuna mchezo wa basi.

"Sijui, mzee. Tutafute. Kalia hiyo ndoo, kiti ni changu."